Kutengeneza kichocheo cha metali kwa peptidi, kwa kuiga enzaimu: mwongozo kamili kuanzia karatasi hadi kuveti

Watu wengi wakianza kubuni kichocheo cha kuiga enzaimu wanadhani kazi nzima ni kuikamata metali, basi wanapanga histidini nne, wanaongeza sisteini mbili za usalama (hizi ni amino asidi, matofali ya peptidi, zinazopenda kushika metali), metali inakamatika kweli kweli, afu wakija kupima wanakuta haifanyi kitu. Mi mwenyewe nilianzia hapo hapo. Metali iliyobanwa pande zote haina pa kupokelea mgeni, na mgeni ndo ile molekyuli unayotaka ivunjwe. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo moja: shika metali vya kutosha isitoroke, lakini iachie kiti kimoja wazi.

Angalia enzaimu yenyewe inavyofanya. Karboniki anhidrasi, ile inayogeuza kaboni dayoksaidi kuwa bikaboneti mwilini, ina zinki moja chini kabisa ya shimo lenye umbo la faneli. Zinki imeshikwa na histidini tatu, namba 94, 96 na 119, na kiti cha nne kimekaliwa na molekyuli ya maji tu. Maji ya kawaida ni mabishi kuachia protoni, pKa yake (pH ambayo nusu imeshaachia protoni) ni 15.7, ila yakikaa juu ya hiyo zinki pKa inashuka mpaka karibu 7, maana yake kwenye pH ya damu tayari una haidroksaidi iliyokaa mkao wa kushambulia. Threonini 199 inaishika haidroksaidi iangalie upande sahihi, histidini 64 inasaidia kuitoa protoni nje, na matokeo yake enzaimu moja inageuza molekyuli kama milioni moja kwa sekunde. Sasa linganisha na vidole vya zinki, zile protini zinazoshika DNA: sisteini mbili, histidini mbili, viti vyote vinne vimejaa, zinki ipo pale kama msumari wa kushikilia umbo. Metali ile ile, kazi tofauti kabisa.

Hatua ya 1: mmenyuko kwanza, metali baadaye

Kama unataka kuvunja esta au fosfeti kwa maji, anza na zinki. Haibadilishi chaji, inabaki +2 mwanzo mwisho, kwa hiyo haikuletei vituko vya oksidesheni. Ukitaka oksidesheni nenda kwenye shaba, chuma au manganizi. Ukitaka kuondoa superoksaidi unaweza hata kucheza na nikeli, maana kuna enzaimu ya asili inayoishika nikeli kwa histidini ya kwanza kabisa na sisteini namba 2 na 6, yaani kipande kifupi tu cha mwanzo wa protini.

Halafu kuna kanuni ya Pearson ya 1963, laini kwa laini na ngumu kwa ngumu. Cu+ inapenda salfa ya sisteini na methionini, Fe3+ inapenda oksijeni ya aspateti na glutameti, zinki iko katikati na inakubaliana na histidini, sisteini, hata aspateti. Na usiusahau mfuatano wa Irving na Williams wa 1953: manganizi, chuma, kobalti, nikeli, shaba juu kabisa, kisha zinki inashuka tena. Kwa lugha nyepesi, karibu peptidi yoyote utakayoibuni kwa ajili ya zinki itaipenda shaba zaidi. Hili litatuuma huko mbele.

Hatua ya 2: chagua mfupa

Hapa ndo pa kutumia muda. Kuna mifupa mitatu ambayo mtu anayeanza anaweza kuimudu.

Wa kwanza ni ule wa amino asidi tatu tu, histidini ikiwa ya tatu na mwanzo wa peptidi ukiwa wazi, mfano glisini-glisini-histidini. Ukiweka Cu2+ kwenye pH 7.4 inashikwa na naitrojeni nne, moja ya mwanzo wa mnyororo, mbili za uti wa mgongo wenyewe na moja ya histidini, mraba bapa kabisa, na mmumunyo unageuka kutoka bluu hafifu kwenda zambarau. Albumini ya damu inaishika shaba hivi hivi. Inapendeza, tatizo ni lile lile, viti vinne vya mraba vimejaa na shaba imestarehe mno, haitaki kubadilika kwenda Cu+ na kurudi. Sasa sogeza histidini iwe ya pili, kama kwenye glisini-histidini-lisini: naitrojeni zinabaki tatu, kiti cha nne kinapatikana, na tabia ya shaba inabadilika. Amino asidi imesogea hatua moja tu. Kama hujawahi kufanya kazi hii, fanya zoezi hili kwanza, litakufundisha kuliko kusoma.

Wa pili ni wa amiloidi. Mwaka 2014 timu za William DeGrado na Ivan Korendovych zilionyesha kwamba peptidi za amino asidi saba, mfano Ac-IHIHIQI-NH2 (I ni isoleusini, H histidini, Q glutamini, na Ac na NH2 ni vizibo vya ncha), zinajipanga zenyewe kuwa nyuzi na zikipewa zinki zinavunja esta. Ukiitazama hiyo sikwensi utaona ujanja wake: kwenye mkunjo wa beta amino asidi zinaangalia juu, chini, juu, chini, kwa hiyo isoleusini zote ziko upande mmoja zinagandamana kukwepa maji na histidini zote ziko upande wa pili zinasubiri zinki. Faida yake ni urahisi, saba tu unamaliza. Hasara ni kwamba nyuzi zinatawanya mwanga kwenye spektrofotomita, na hujui ni histidini ngapi kwa kweli zimeshika zinki, kwa hiyo ukigawanya kasi kwa idadi ya vichocheo unagawanya kwa makisio.

Wa tatu ndo ninaoupenda, heliksi zilizosokotana kama kamba. Sikwensi inajirudia kila baada ya amino asidi saba, tunaziita a mpaka g, na a na d ndo zinaingia katikati kwenye kiini kisichopenda maji. Harbury na wenzake walionyesha mwaka 1993, kwa peptidi ya GCN4 (kipande cha protini ya hamira), kwamba ukiweka isoleusini kwenye a na leusini kwenye d unapata heliksi mbili, isoleusini kote unapata tatu, leusini kwenye a na isoleusini kwenye d unapata nne. Kwetu sisi tatu ndo namba ya bahati, kwa sababu ukibadilisha amino asidi moja ya kiini kuwa histidini, heliksi tatu zinakuletea histidini tatu kwenye tabaka moja, yaani mkono wa karboniki anhidrasi bila kulazimisha. Timu ya Vincent Pecoraro ilifanya hivyo kwa peptidi Ac-G(LKALEEK)4G-NH2 (L leusini, K lisini, A alanini, E glutameti, G glisini): leusini namba 23 ikawa histidini kwa ajili ya zinki, leusini namba 9 ikawa sisteini iliyoshika zebaki ili kukaza umbo. Matokeo ya 2012: kwenye kuvunja esta ya majaribio walikuwa mara kama 100 tu chini ya enzaimu halisi, kwenye kaboni dayoksaidi mara kama 500. Kwa kitu kilichoanzia kwenye karatasi, hiyo si mchezo.

Kuna kisa kimoja hapa nakipenda sana. Mwaka huo huo wa 2012 timu ya Brian Kuhlman walikuwa wametengeneza protini ndogo mbili zinazoungana kwa zinki, na mpango ulikuwa kila zinki ishikwe na histidini nne. Fuwele ikaonyesha histidini tatu tu ndo zimeshika, ya nne imekaa pembeni. Kwa mpango wao ilikuwa kasoro, lakini walipoipima ikawa inavunja esta na fosfeti. Timu ya Donald Hilvert wakaichukua wakaiunganisha iwe mnyororo mmoja, wakaibadilisha kizazi baada ya kizazi maabara, na mwaka 2018 wakatoa enzaimu yenye ufanisi wa karibu milioni moja kwa mola kwa sekunde. Yote imetokana na histidini moja iliyogoma kukaa.

Hatua ya 3: kompyuta, lakini kwa kiasi

Pakua muundo wa 1CA2, yaani karboniki anhidrasi yenyewe, kutoka benki ya protini, ufungue kwenye PyMOL (programu ya kutazama protini), pima mwenyewe umbali kutoka zinki hadi naitrojeni, utakuta kama angstromu 2 hivi. Kisha angalia kitu ambacho wengi wanakiruka: histidini ina naitrojeni mbili, delta na epsiloni, na kwenye enzaimu hii 94 na 96 zinashika kwa epsiloni wakati 119 inashika kwa delta. Ukiigiza muundo wako wote kwa epsiloni wakati nafasi inaruhusu delta tu, zinki haitakaa. Kwenye heliksi moja histidini mbili za kushirikiana ziweke umbali wa nne (i na i+4), kwenye mkunjo wa beta umbali wa mbili. AlphaFold 3 (programu ya kutabiri umbo la protini) inakubali kuwekewa ayoni za metali na unaweza kuijaribu, ila kwa peptidi fupi picha nzuri isikulevye, peptidi ya amino asidi saba kwenye maji inacheza cheza muda wote na picha inaonyesha sekunde moja ya bahati.

Hatua ya 4: andika sikwensi ya mwisho

Ziba ncha zote mbili, asetili mbele na amidi nyuma, isipokuwa kama unatumia ule mfupa wa kwanza unaohitaji mwanzo wazi. Weka triptofani au tairosini moja mahali pasipoingilia kiti, maana ndo utakayopimia ukolezi kwenye nanomita 280 (namba ya ufyonzaji ni 5,500 kwa triptofani, 1,490 kwa tairosini). Nje ya heliksi weka lisini na glutameti ili iyeyuke. Sisteini epuka kama huihitaji, inajiunga na mwenzake hewani unarudi kesho una peptidi zilizofungana mbili mbili.

Na siku hiyo hiyo unayoandika sikwensi, andika na ya ndugu yake ambaye histidini zote zimekuwa alanini. Usisubiri. Bila huyo ndugu data yako yote itakuwa na swali.

Hatua ya 5: kuitengeneza

Kama hela ipo na muda ni mfupi agiza iliyotengenezwa, hakuna aibu. Ukitengeneza mwenyewe ni njia ya Merrifield ya 1963, mnyororo unajengwa juu ya resini amino asidi moja moja, siku hizi kwa Fmoc (kinga ya muda ya amino asidi): piperidini asilimia 20 kwenye DMF (kiyeyusho) kutoa kinga, DIC na Oxyma kuunganisha, ukimaliza unakata kwa TFA (asidi kali) asilimia 95 pamoja na maji na TIS (ya kunasa mabaki ya kinga), unamwaga kwenye etha baridi, unasafisha kwa HPLC (kromatografia). Kama una sisteini ongeza EDT (ya kulinda salfa) kwenye mchanganyiko wa kukatia. Histidini ndo ya kuangalia, ikipata joto wakati wa kuunganishwa inageuka upande kutoka L kwenda D, kwa hiyo kwenye mashine ya mikrowevu ishushie mpaka nyuzi 50. Fanya yote kwenye kabati la moshi, TFA inaunguza na DMF inapita kwenye ngozi.

Unga ukishakauka usiamini mizani. Robo ya uzito au zaidi inaweza kuwa maji na chumvi ya TFA. Na hiyo chumvi imenitesa mimi wiki mbili nzima: niliyeyusha unga kwenye bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) dhaifu ya milimola 5, nikaongeza zinki, hakuna kilichotokea, nikabadilisha zinki, nikabadilisha bafa, nikaanza kuilaumu sikwensi, mpaka nikachovya karatasi ya pH nikakuta 4. Histidini kwenye pH 4 imebeba protoni, haina mkono wa kushikia metali. Siku hizi kitu cha kwanza baada ya kuyeyusha ni kupima pH, kabla hata ya kuweka kifuniko.

Hatua ya 6: bafa na usafi

HEPES kwa pH 7 hadi 8, MES chini ya hapo, CHES juu ya 9. Fosfeti usiiguse, inaangusha zinki chini kama chokaa. Tris inaishika shaba yenyewe, utakuwa unapima Tris. Bafa ipitishe kwenye Chelex (resini inayonasa metali) kuondoa metali za kuzurura, tumia plastiki badala ya glasi, na usichote unga kwa kijiko cha chuma, kumbuka Irving na Williams, shaba kidogo tu ikiingia itakaa kwenye kiti ulichomwandalia zinki na haitoki.

Hatua ya 7: je, metali imekaa, na imekaaje?

Zinki haina rangi, kwa hiyo mtume kobalti akachunguze. Chukua peptidi yako, eneo la kushika liwe milimola 1, kwenye HEPES pH 7.5. Andaa kobalti kloraidi, ina rangi ya waridi kwa sababu kila kobalti imezungukwa na maji sita. Dondosha kidogo kidogo ukichanganya. Kama eneo lako ni la pande nne rangi ya waridi inapotea na mmumunyo unakwenda bluu mbele ya macho yako, na kwenye spektrofotomita kati ya nanomita 500 na 700 utaona vilima vya ufyonzaji vinavyofika 0.3 hivi au zaidi kwenye kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1. Kama imebaki waridi hafifu chini ya 0.03, kobalti bado imevaa maji yake sita na peptidi yako haijaishika, au imeishika kwa kidole kimoja. Ukiwa katikati, 0.05 hadi 0.25, mara nyingi ni viti vitano. Baada ya hapo ongeza zinki kidogo kidogo, bluu itafifia jinsi zinki inavyomfukuza kobalti, na hapo una uhakika zote mbili zinagombea kiti kimoja.

Umbo lenyewe lipime kwa CD (mashine inayosoma mkunjo wa peptidi kwa mwanga): mabonde mawili kwenye 208 na 222 ni heliksi, bonde moja karibu na 218 ni beta.

Nguvu ya kushika unaipata kwa kushindanisha peptidi na kiashiria kama PAR, au kwa ITC (kipimo cha joto la kuungana) kama unayo. Namba hii watu wanaichukulia poa ila ndo inayoamua kila kitu. Tuseme Kd yako (ukolezi wa zinki huru ambapo nusu ya peptidi imeshika, ikiwa ndogo kushika ni kukali) ni mikromola 10, ukaweka peptidi mikromola 50 na zinki mikromola 50. Unadhani zote zimeungana? Ukipiga hesabu zilizoungana ni 32 tu, zile 18 za zinki zinazurura huru, zaidi ya theluthi, nazo zinavunja esta kivyake. Ndo maana mi naweka peptidi nyingi kuliko zinki, sio sawa kwa sawa, ila kwa kiasi, maana ikizidi mno histidini ya nne ya jirani inakuja kukaa kwenye kile kiti.

Hatua ya 8: kupima kasi

Esta ya kuanzia ni p-naitrofenili aseteti, ikivunjika inatoa njano inayosomeka kwenye nanomita 405. Iyeyushe kwenye asetonitraili, na asetonitraili isizidi asilimia chache kwenye kuveti. Ile njano ina pKa ya 7.15, kwa hiyo kwenye pH 8 ni asilimia 88 tu iliyo na rangi, namba yake ya ufyonzaji ya 18,000 inakuwa kama 15,800. Watu wanasahau hili halafu wanashangaa kichocheo chao kinapenda pH kubwa, kumbe ni rangi tu.

Mfano wa hesabu. Kichocheo mikromola 50, esta milimola 0.5, pH 8. Mstari wa ufyonzaji unapanda 0.095 kwa dakika. Kuveti yenye bafa na zinki bila peptidi inapanda 0.016. Tofauti ni 0.079, gawanya kwa 15,800 unapata mikromola 5 kwa dakika, sawa na 8.3 × 10⁻⁸ mola kwa sekunde. Gawanya kwa ukolezi wa kichocheo mara wa esta, inatoka 3.3 kwa mola kwa sekunde. Hiyo ndo namba ya kulinganisha na za wengine.

Sasa kontroli. Bafa peke yake, zinki peke yake, peptidi peke yake, yule ndugu wa alanini akiwa na zinki, na kichocheo kamili kilichowekewa EDTA (inayonyang'anya metali). Peptidi peke yake usiiruke hata siku moja. Niliwahi kutembea kifua mbele siku kadhaa kwa sababu ya mstari mmoja mzuri unaopanda, nikaja kupima peptidi bila zinki, ukapanda vile vile. Histidini yenyewe inaweza kuishambulia esta hii bila metali yoyote, ni esta legelege hiyo, karibu kila kitu kinaivunja.

Hatua ya 9: kuboresha

Pima kasi kuanzia pH 6.5 hadi 9.5. Kama inapanda kwa umbo la S, ile nusu ya mlima ni pKa ya maji yaliyokaa kwenye zinki yako, kwa peptidi ya Pecoraro ilikuwa kama 8.8. Ukitaka ishuke kuelekea 7 usiguse zile histidini tatu, gusa majirani: weka threonini au serini tabaka moja juu, au glutameti ya kushika haidrojeni ya histidini kwa nyuma, moja kwa wakati mmoja, na kila moja uipime na kobalti tena kwa sababu jirani mwenye kaboksili anaweza kuamua kukalia kiti mwenyewe. Hapo kasi inashuka mpaka sifuri na kushika kunaongezeka, na mtu asiyejua anafurahia Kd mpya.

Kisha hakikisha ni kichocheo kweli, yaani kimoja kinafanya kazi zaidi ya mara moja. Kwenye mfano wetu, mikromola 5 kwa dakika kwa kichocheo mikromola 50, mzunguko wa kwanza unaisha dakika ya kumi hivi. Usisimamishe mashine hapo. Iache mpaka dakika ya arobaini, na kwa kuwa 405 itakuwa imepita 2 na haisomeki vizuri, hamia nanomita 348 ambako njano na asidi yake zinafyonza sawa, kama 5,000, bila kujali pH. Ukiona mizunguko mitatu na mstari umepinda taratibu tu jinsi esta inavyopungua, endelea, nenda kwenye sabstreti ngumu kama bis-p-naitrofenili fosfeti. Ukiona mstari umenyooka mpaka mikromola 50 halafu ukalala ghafla, histidini zako zimebeba asetili na hazijaitua, rudi hatua ya 2.